Namna ya Kumuuliza Mzee Kile Ambacho Hakumrithisha Mwanawe

Ukimwambia mzee "babu, nisimulie mambo ya zamani," atakupa hotuba. Watoto walikuwa na adabu, mvua ilikuja kwa wakati wake, watu walikula vyakula vya asili wakaishi miaka mingi. Hadanganyi, lakini hayo hayo amekwisha kumwambia mgeni wa kijiji na mjukuu aliyekuja likizo mwaka jana, na ukishayaandika utajikuta huna kitu mkononi.

Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari ya kata huku Mufindi. Kila mwaka nawatuma wanafunzi wangu wa kidato cha pili kwa wazee wao, na swali ninalotaka warudi na jibu lake ni moja: ulipokuwa na umri wangu ulifundishwa nini ambacho wewe hukumfundisha mwanao, na ni kitu gani kilikuzuia? Mzee akiulizwa hivyo hunyamaza kwanza. Halafu huanza kuhesabu. Katika hesabu hiyo utaiona karne nzima ya nchi yetu ikipita ndani ya familia moja, hiki imekichukua, kile imekiacha, na kingine imekileta ambacho hakikuwepo. Naandika hapa namna tunavyofanya ili nawe ufanye kwenu, wazee wangali nasi.

Kalenda kwanza

Usiende na swali la "mwaka gani?" Wazee wengi waliozaliwa kabla ya uhuru hawana cheti cha kuzaliwa, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho chao ni ya kukadiria. Wanachokumbuka ni matukio. Kwa hiyo chukua daftari, piga mstari katikati ya kurasa mbili, uyapange matukio ambayo kila mtu wa upande wenu aliyaona au aliyasikia. Kwa sisi wa Iringa naanza na 1954, fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, liliporudishwa Kalenga kutoka Ujerumani. Kisha uhuru, 1961. Machifu kuondolewa, 1963. Azimio la Arusha, Februari 1967. Krismasi ya 1971, alipouawa Mkuu wetu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, kule Ismani. Wachina kujenga reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975. Kuhamia vijijini, ambako kwetu wengi hukutaja kuwa ni 1974. Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Msako wa wahujumu uchumi, 1983, na kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984. Vyama vingi, 1992. Wewe wa Rufiji utaweka mafuriko ya 1968, na wa Kagera hahitaji kuambiwa aweke nini.

Sasa uliza kwa kalenda hiyo. "Bibi, Kleruu alipouawa ulikuwa umeshaolewa? Mgongoni ulikuwa na nani?" Wanawake huhesabu miaka kwa watoto wao, na wako sahihi kuliko karatasi nyingi za ofisini. Wanaume huhesabu kwa kazi. Waliotoka huku kwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro watakwambia, "Hapo nilikuwa nimerudi manamba mara ya pili," nawe unaandika hivyo hivyo.

Chini ya mstari wa matukio andika watoto wa mzee huyo na wajukuu wake, kila mmoja mahali alipozaliwa. Hii ndiyo hatua ambayo wanafunzi hupenda kuiruka, nami siwaruhusu. Ujuzi hurithishwa katika umri fulani: kuchunga katika miaka ya utotoni, kulima na kusuka baadaye kidogo, mambo ya ndoa na ukoo mtu anapobalehe. Tukio kubwa likimkuta mtoto katika umri huo, mnyororo hukatika hapo hapo. Ukiwa na mistari miwili mbele yako, utajua nani alikosa nini kabla mzee hajasema neno.

Mahali palipohamishwa

Ukiwa na muda wa kuuliza jambo moja tu, uliza kuhusu kuhama. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani awe anaishi katika kijiji. Shule, zahanati na maji vilifuata huko, na mimi mwenyewe ni mtoto wa shule iliyojengwa katika kijiji cha namna hiyo, siwezi kuisemea vibaya. Lakini elimu nyingi ya wazee wetu ilikuwa imeshikana na mahali.

Chukua vinyungu. Ni bustani za mabondeni, zinazolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi wakati mlimani kumekauka. Mwenye kinyungu hula mahindi mabichi na maharage wakati jirani anasubiri mvua. Kuilima kunataka kujua maji yanatokea wapi, tuta linageuziwa upande gani, nyasi zinafukiwa chini kwa muda gani kabla ya kupanda. Mtoto aliyajua hayo kwa kumfuata baba bondeni kila asubuhi. Kaya ilipohamishiwa kando ya barabara, bonde likabaki mbali. Baba alikwenda peke yake, mtoto akabaki shuleni kijijini, na miaka hiyo hiyo ikaja mbolea ya chumvichumvi pamoja na mbegu za kisasa za mahindi. Mvulana aliyekuwa na miaka kumi wakati ule leo ni mzee wa sitini na ushee. Muulize habari ya kinyungu cha babu yake, atakwambia, "Sisi tulikuta mbolea." Si mvivu huyo, wala hakudharau mila. Umri wake wa kufundishwa ulipita katika miaka ile.

Makaburi nayo yalibaki nyuma. Majina ya mababu yalitajwa kaburini wakati wa tambiko, moja baada ya jingine, na mtoto aliyesimama pale aliyashika kwa kuyasikia. Asiyefika kaburini hayajui. Ndiyo maana wanafunzi wangu wengi huishia jina la babu wa baba, hawavuki.

Kwa hiyo fanya hivi: mwombe mzee akupeleke mahame, pale ukoo ulipokuwa ukiishi kabla ya kuhama. Kama miguu yake haina nguvu, tafuta pikipiki, mwende polepole. Ukifika usiulize chochote. Mwache azunguke. Atauona mti alioupanda mama yake, ataliona jiwe la kusagia limezama nusu ardhini, na hapo utasikia mambo ambayo ungekaa naye sebuleni mwezi mzima usiyapate. Wewe andika: nyumba ya nani ilikuwa wapi, njia ya maji ilipita wapi, nani amelala chini ya mti upi. Chora ramani hata kama hujui kuchora.

Saa zilizochukuliwa

Baada ya mahali, uliza kuhusu saa. Mtoto alikuwa na nani jioni, nani asubuhi? Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza 1977, watoto wengi mno waliingia darasani kwa mkupuo, na asubuhi ikawa ya mwalimu. Waliofaulu kwenda sekondari walipangiwa bweni mikoa ya mbali, wakakaa na Wachaga, Wanyamwezi na Wamakonde, wakaoana, na nyumbani kwao wakazungumza Kiswahili. Naomba usiandike hilo kama hasara tupu. Wazazi wetu walipata nchi ambayo mtu wa Mufindi anaweza kufundisha Mtwara akaeleweka, na hicho nacho ni urithi. Wazee waliutolea jasho. Andika yote mawili: watoto walipata lugha moja, na bibi akapoteza wajukuu wa kuwasimulia kwa Kihehe.

Jioni iliingia redio. Hapa utakutana na jambo linalonifurahisha kila mwaka. Mwanafunzi anarudi na "mila za kale": chimba choo mbali na kisima, chemsha maji, funika chakula. Mwulize mzee alijifunza wapi, naye atakwambia ni kwenye kundi la kusikiliza redio, kampeni ya Mtu ni Afya, 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika makundi yale kote nchini, wakisikiliza, wakijadili, kisha wakainuka kwenda kuchimba. Mzee aliyepokea jambo akiwa mtu mzima, akalishika, akamfundisha mwanawe mpaka likawa desturi ya nyumba, amefanya kazi ile ile ya mababu. Liweke kwenye daftari lako kwa heshima sawa na tambiko.

Vivyo hivyo na miaka ya uhaba baada ya vita vya Kagera. Waliokuwa na watoto wadogo wakati huo walijifunza kufulia majani ya mpapai, kuvaa katambuga za matairi, kugawa sukari kwa kijiko na kusimama foleni tangu alfajiri. Ukiona bibi anaficha kipande cha sabuni kilichobaki, muulize. Kuna somo zima hapo la kuendesha nyumba bila kitu.

Bibi na mjukuu

Kuna sehemu ninayoomba uiendee taratibu sana. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 uliukuta mkoa wa Iringa, wakati Njombe bado iko ndani yake, ukiwa na kiwango cha juu cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI kuliko mikoa yote. Nyuma ya takwimu hiyo kuna bibi waliozika watoto wao na kuanza upya kulea. Katika nyumba hizo ujuzi uliruka kizazi. Darasani kwangu, anayejua kusuka kikapu cha milulu, anayejua majina ya ukoo na anayeongea Kihehe bila kuchanganya, mara nyingi ni yule aliyelelewa na bibi. Kama ni wewe, jua kwamba unabeba kitu ambacho wenzako wenye baba na mama hawakukipata. Na ukimhoji bibi wa namna hiyo, usimuulize habari za vifo. Akizitaja mwenyewe, sikiliza, usiandike mpaka amalize.

Siku ya mahojiano

Usiende wakati wa kupanda wala wa kuvuna. Nenda na sukari au sabuni, salimia kwa lugha ya nyumbani kama unaijua, kwetu "kamwene" hufungua mlango kabla ya "shikamoo." Kaa chini kuliko yeye. Mkute akifanya kazi uifanye naye, upukuchue mahindi, uchambue maharage, kwa sababu mikono ikiwa na shughuli mdomo hauoni haya.

Simu ya kurekodi iweke wazi mbele yake na uombe ruhusa kwanza. Izime mtandao isilie. Anza kwa kutaja tarehe, mahali, jina lake na lako, maana faili lisilo na hayo halitamfaa mtu yeyote baada ya miaka ishirini. Babu na bibi wahoji kila mmoja peke yake. Wakiwa pamoja babu hujibu hata maswali ya jikoni, na kuna mambo ambayo bibi hawezi kuyatamka mbele ya mumewe au mbele ya mjukuu wa kiume. Mafundisho ya wasichana yaende kwa msichana, na kama bibi atasema hayarekodiwi, zima simu. Anayo haki ya kuchagua nani amrithi.

Badala ya "eleza," sema "nioneshe." Badala ya "kwa nini mliacha," uliza "mara ya mwisho mlifanya lini, na mlikuwa nani na nani?" Akikosea mwaka usimsahihishe, utalinganisha na kalenda usiku. Akinyamaza, nyamaza naye. Na akisema "hayo tuyaache," yaache kweli. Wengine walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa wakiziona.

Ukisharudi

Sikiliza siku hiyo hiyo. Andika maneno kama yalivyotamkwa, Kihehe kibaki Kihehe, usinyooshe. Tuma nakala kwa ndugu wawili wanaoishi sehemu tofauti. Kisha rudi kwa mzee umsomee. Hapo ndipo atakaporekebisha majina na kuongeza yale aliyoyakumbuka usiku.

Halafu chagua kitu kimoja tu ulichokiandika ukijifunze kwa mikono yako, kwake yeye: kuchagua mbegu, kusuka, kutaja ukoo hadi babu wa saba. Mwombe akuambie ukikosea. Daftari litakuonesha kilichokatika, ila kukiunga ni lazima ukae naye msimu mzima.

Kama uliyemtaka amekwisha kufariki, usifunge daftari. Nenda kwa mdogo wake, kwa wifi yake, kwa jirani waliyehama naye siku moja, kwa mwenzake wa manamba kama yupo hai. Wapelekee ile kalenda na uwaulize alikuwa wapi katika kila tukio.