Kiini chenye umbo la kipepeo: usiandike "monoblasti" haraka

Lukemia kali ya promielositi (saratani ya damu ambamo chembe nyeupe changa ziitwazo promielositi hujaa) kwa kawaida haijifichi: punje za zambarau hujaa hadi zikafunika kiini. Inayodanganya ni aina ya punje ndogo. Punje zake hazionekani kwa hadubini ya kawaida, saitoplazimu hubaki kama tupu, kiini kimekunjika, na chembe nyeupe mara nyingi ni nyingi mno. Msomaji wa slaidi akiziita monoblasti (chembe changa za lukemia ya aina nyingine), mgonjwa anaweza kuvuja damu kwenye ubongo, maana lukemia hii huvuruga kuganda kwa damu, kabla kosa halijagunduliwa.

Slaidi mbovu hukupotosha mapema. Paka damu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) ndani ya saa 2. Ikilala, viini hukunjika vyenyewe na saitoplazimu hutoboka matundu. Unyevu wa Dar es Salaam, hasa wakati wa masika, huchelewesha slaidi kukauka, kwa hiyo iweke mbele ya feni papo hapo. Chupa ya Leishman (rangi ya kupaka slaidi) ifungwe kila mara: methanoli iliyomo hunyonya maji hewani, nayo huacha madoa yanayong'aa kwenye chembe nyekundu. Rangi tupu dakika 2, kisha bafa (kimiminika kinachotunza pH) ya pH 6.8 mara mbili ya rangi, dakika 8 hadi 10.

Sasa lenzi ya 100. Kiini kina mabawa mawili yaliyoungwa na mkanda mwembamba, au kama sarafu mbili zilizopandana. Usiishie kwenye seli 200 za kuhesabu. Pita kingo na mkia wa slaidi, maana seli kubwa hukusanyika huko, ukitafuta hata moja yenye vijiti vya Auer (punje zilizoungana kuwa kama sindano) vilivyorundikana kama mzigo wa kuni. Kijiti kimoja peke yake hakitoshi, kwani lukemia nyingine za mieloidi pia huwa nacho.

Ukibaki na shaka, paka Sudan Black B, rangi nyeusi inayoshika punje za chembe. Promielositi hushika weusi mzito hata pale punje zisipoonekana. Monoblasti haishiki, au hushika kidogo tu. Neutrofili (chembe nyeupe zilizokomaa) za mtu mzima wa afya ziwe kidhibiti, la sivyo rangi iliyochakaa itakupa jibu la uongo.

Usingoje ripoti ichapwe. Piga simu wodini, omba kichupa cha sitreti (nayo huzuia damu isigande) kilichojaa hadi mstari kwa ajili ya vipimo vya kuganda kwa damu: PT, APTT na fibrinojeni. Daktari huanza ATRA, dawa ya lukemia hii, kwa kushuku tu. Kipimo cha jeni PML-RARA, cha kuthibitisha ugonjwa, hufuata. Kwenye ripoti eleza viini, vijiti na idadi ya chembe sahani, kisha andika: "Yashukiwa lukemia ya promielositi, aina ya punje ndogo", na saa uliyopiga simu.