Somo: Kuchagua samaki wetu wa maji baridi wa kuzalisha kwenye tangi dogo

Wengi wanaoanza kufuga samaki wa mapambo hununua gapi kwa sababu ndio waliopo dukani. Tanzania tuna samaki wadogo wenye rangi za kukamata macho, na wanazaa vizuri kwenye tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Somo hili ni la mwenye tangi kama hilo, chujio la sponji na pampu ya hewa.

Hatua ya 1: Yajue maji yako

Anza hapa kabla hujatoa hela ya samaki. Maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yana klorini, kwa hiyo yakinge kwenye ndoo isiyo na mfuniko uyaache siku moja au mbili, tena ukiweka mpira wa hewa ndani ni bora zaidi. Maji ya kisima hutegemea mtaa. Yakiwa na ladha ya chumvi, usiyatumie. Kama hayana chumvi ila sabuni inagoma kutoa povu, hayo ni maji magumu, na wapo samaki wanaoyapenda.

Hatua ya 2: Chagua samaki

Watoto wa perege waacheni, jamani. Mtoto wa perege anapendeza akiwa saizi ya kidole, lakini hukua akazidi kiganja, akafukua mchanga na kuwatesa wenzake. Kambale ndiyo kabisa.

Wenye maji magumu, watafuteni samaki wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono: *Neolamprologus brevis* au *Lamprologus ocellatus*. Chagua aina moja tu. Weka mchanga wa kutosha na makombe matupu kadhaa, nao wenyewe watagawana maeneo. Jike hutaga ndani ya kombe, na siku moja utaona vichwa vidogo vikichungulia mlangoni. Hawa hawana kazi kubwa.

Lakini kwa mtu wa Dar, mimi napendekeza samaki wa madimbwi, ukoo wa *Nothobranchius*. Unguja kuna *guentheri*, Mafia kuna *korthausae*, na huku bara ukanda wa pwani kuna *melanospilus*. Huishi kwenye madimbwi yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kiangazi. Wakubwa hufa, mayai hubaki kwenye tope, na mvua ikirudi yanaanguliwa. Mji unavyopanuka, madimbwi hayo yanafukiwa viwanja vipate kujengwa, na mara nyingi anayefukia hajui kuwa kuna uhai chini. Ndiyo maana natamani wengi wetu tujue kuwazalisha.

Hatua ya 3: Wazalishe

Weka dume mmoja na majike wawili au watatu. Madume wawili kwenye tangi dogo watachaniana mapezi.

Chukua vumbi la makumbi ya nazi, lichemshe, limwage maji, urudie mpaka rangi ya kahawia ipungue. Litie kwenye kopo lenye mdomo mpana na uliweke chini ya tangi. Dume atamsukuma jike ubavuni hadi kwenye vumbi, watatetemeka pamoja kidogo, yai litazama humo.

Baada ya wiki moja au mbili toa vumbi, lichuje na ulikamue taratibu mpaka liwe na unyevu bila kudondosha tone. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, andika aina na tarehe, weka kabatini. Kwa *guentheri*, anza kukagua baada ya miezi mitatu hivi. Yai lililo tayari linaonyesha macho mawili yenye duara linalong'aa. Ukiyaona, mwaga vumbi kwenye beseni na utie maji yenye kina cha vidole viwili. Vifaranga huanza kutokea ndani ya saa chache. Yakibaki mayai, kausha tena vumbi na ujaribu baadaye.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, niko Mbagala. Naruhusiwa kujivulia mwenyewe dimbwini?*

Muulize kwanza afisa uvuvi wa wilaya yako, kwa sababu uvuvi una sheria yake, ya mwaka 2003. Ukiruhusiwa, chukua wachache na uandike mahali ulipowatoa. Waliozaliwa kwenye tangi lako usiwamwage mtoni wala dimbwini.

*Nina guentheri na melanospilus tangi moja. Kuna shida?*

Ipo, dada. Watenganishe leo, wanaweza kuchanganya damu ukapoteza aina zote mbili. Jike wa *melanospilus* ana madoa meusi mwilini, wa *guentheri* hana. Mayai uliyokusanya wakiwa pamoja usimgawie mtu.

*Shikamoo mwalimu. Wangu wanakataa chakula cha kopo.*

Marahaba. Hao wanataka chakula kinachocheza. Wape viluwiluwi vya mbu, na vifaranga wape artemia (uduvi wadogo sana wa maji ya chumvi) waliototolewa siku hiyohiyo. Ndoo ya viluwiluwi ichuje kila siku bila kuruka na uifunike kwa chandarua. Dar tumeshaugua dengi vya kutosha.

*Makombe ya konokono wa bustani yanafaa kwa brevis?*

Yanafaa. Chagua ambayo samaki anaweza kuingia na kugeuka, yachemshe, yasuuze mpaka harufu iishe kabisa. Likibaki na nyama ndani litaoza na kuharibu maji yote.