Mgonjwa wa kiharusi: angalieni bega na vidole siku tatu za mwanzo

Jamani mtu akipigwa kiharusi ndugu wote tunauliza atatembea lini, mkono unasahaulika pale juu ya shuka mpaka siku ya kuruhusiwa, na wiki za mwanzo ndo zenye thamani kuliko zote. Mkono uangaliwe ndani ya siku tatu za mwanzo, akiwa bado wodini, na ndugu anaekaa nae anaweza kabisa.

Akishatulia na daktari karuhusu akae, muegemeze kwenye mito. Mwambie autanue mkono mbovu kwenda pembeni, utoke ubavuni, na usimsaidie hata kidogo. Mwingine atapandisha bega lote au atajilaza upande wa pili ili mkono uonekane umenyanyuka, hiyo haihesabiki. Halafu laza mkono wake juu ya mto, vidole vikiwa vimejikunja, mwambie avinyooshe. Wengi wanampa mkono wao, "baba kamata hapa", akibana wote wanashangilia, ila kubana ndo kunatangulia kurudi, kazi iko kwenye kufungua. Hata kidole kimoja kikinyooka kidogo tu, mwambie mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, siku hiyo hiyo.

Kwanini hivyo viwili? Utafiti wa Uholanzi uliotoka 2010 ulionyesha walioweza kutanua bega na kunyoosha vidole japo kidogo ndani ya saa 72 walikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa mkono kurudi kufanya kazi kiasi baada ya miezi sita. Walioshindwa vyote viwili, asilimia 25. Na 25 sio sifuri, kwahiyo asije mtu akakwambia siku ya nne kwamba mkono umekufa!

Fizio anaweza kuupa maksi, bega 0 hadi 5, vidole 0 hadi 5. Kwa njia waliyoitengeneza New Zealand, mgonjwa wa chini ya miaka 80 akifikisha jumla ya 5 siku ya tatu, matumaini ni makubwa sana. Uwe hospitali ya Muhimbili, Amana, Temeke au Mwananyamala hapa Dar, omba fizio auone mkono pia, usisubiri uambiwe.

Ila saa 24 za kwanza msimkimbize. Utafiti mkubwa wa 2015 ulikuta walioinuliwa kitandani mapema mno na kufanyishwa mazoezi mengi hawakufanya vizuri kama wengine. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Na tafadhali sana, msimvute mkono ule mkimnyanyua kitandani au mkimpandisha bajaji, misuli ya bega imelegea na bega linashuka kwenye kiungo chake, maumivu yake yanaua hamu yote ya mazoezi. Shikeni kiunoni na mgongoni. Mkono ukae juu ya mto, usining'inie. Kukanda na maji ya moto pia acheni, mkono wenye ganzi unaungua na mwenyewe hasikii.

Vidole vikianza kuitikia mpe kazi za nyumbani kweli, abanue vibanio vya nguo, akunje khanga, afute meza, asogeze kikombe cha plastiki, arudie tena na tena, na mkono mzima usimpokonye kazi.

Mkono ukivimba au bega likianza kuuma, msingoje tarehe ya kliniki, mrudisheni.