Kusubiri Kicheko: Kwa Dada Anayetaka Televisheni na Jukwaa

Mdogo wangu, unataka kuigiza vichekesho kwenye televisheni na jukwaani, nawe umeniuliza uanzie wapi. Anzia jukwaani, hata kama ni kundi dogo linalofanyia mazoezi kwenye ukumbi wa kuazima. Kamera itakufunza mengi, ila kicheko haitakufunza, kwa sababu yenyewe haicheki.

Kicheko kinapanda, kinafika kileleni, kisha kinashuka. Ukitia mstari unaofuata wakati bado kinapanda, umekikata, na watu wataanza kujizuia wasije wakapitwa na maneno. Ukingoja kiishe kabisa, ukumbi unapoa na itakubidi uupashe moto upya. Ingia kikishashuka kama nusu hivi, na neno la kwanza ulipe sauti zaidi ya kawaida. Muda huo wa kungoja usisimame tu ukiwatazama watu. Mhusika wako aendelee na shughuli yake. Niliwahi kuigiza mjane anayekunja shuka huku akimsema shemeji yake. Usiku watu wakicheka sana nilikunja mara nne kabla ya kuendelea, usiku wakicheka kidogo nikakunja mara mbili. Hakuna aliyejua kwamba lile shuka ndilo lililokuwa saa yangu.

Televisheni ni kazi nyingine, tena ya aina mbili. Ipo ya kamera kadhaa mbele ya watazamaji walioketi studioni. Lucille Ball, mchekeshaji wa Marekani, alianza hivyo mwaka 1951, kamera 3 za filamu zikirekodi kwa pamoja huku watu wakicheka papo hapo. Mwenzake Carol Burnett naye, katika kipindi chake cha tangu 1967 hadi 1978, alikuwa akitoka kwanza kujibu maswali ya watazamaji wake. Hapo mazoea yako ya jukwaani yanakubeba. Aina ya pili ni ya kamera moja, seti imenyamaza, na tukio moja linarudiwa toka mbali, toka karibu, toka upande wa mwenzako.

Siku yangu ya kwanza kwenye seti ya namna hiyo nilisema mstari nilioupenda mno, kisha nikangoja. Mwongozaji akaniuliza taratibu, "Unangoja nini?" Nilikuwa nangoja ukumbi ambao haukuwepo. Tangu siku hiyo kila kimya ninakipa sababu iliyo ndani ya mhusika: anatunga uongo, anahesabu hela kichwani, ndiyo kwanza anaelewa alichoambiwa. Kimya chenye wazo ndani yake mhariri anaweza kukiacha. Kitupu atakikata, na uso wako utaondoka nacho.

Jambo lingine lililonitesa miezi mingi: mafundi hawacheki. Hawaruhusiwi, sauti yao ingeingia kwenye kinasa. Kimya chao usikichukulie kuwa hukumu, wala usiongeze mbwembwe kila mnaporudia. Kufikia mara ya kumi na mbili mstari haukuchekeshi tena, na hilo ni sawa. Msikilize mwenzako kama vile hujui atasema nini.

Andika pembeni ya skripti: kikombe kilikuwa mkono upi, ulikunywa kwenye neno lipi, uliketi kabla ya sentensi au baada yake. Ukibadilisha, vipande havitaungana, na huenda kile ulichoigiza vizuri kuliko vyote ndicho kitakachotupwa.

Sasa mkataba, na hapa sitazunguka. Kwenye Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York, wiki ya kawaida ni maonyesho 8. Ukiwa na ratiba ya namna hiyo jioni na shuti, yaani kurekodi, mchana, saa ya kuachiwa lazima iwe kwenye maandishi. Kuna kampuni iliniahidi kwa mdomo kwamba nitatoka saa kumi alasiri. Nilitoka saa mbili usiku, na mwenzangu wa akiba alikuwa ameshapanda jukwaani na vazi langu. Aliigiza vizuri na nilifurahi kwa ajili yake, lakini watu waliokata tiketi waniangalie mimi nilikuwa nimewakosea. Usisaini kabla hujaiona saa hiyo kwenye karatasi.

Kuna faida moja ya jukwaa ambayo huioni mapema. Mfululizo ukidumu miaka, waajiri wanakuona mhusika yuleyule kila usaili. Mtazame mwigizaji Mmarekani Laurie Metcalf: alikulia kisanaa kwenye kundi la Steppenwolf la Chicago, akajulikana na wengi kwa kichekesho cha televisheni kilichoanza 1988, kisha akashinda Tony, tuzo ya maigizo ya Broadway, miaka miwili mfululizo, 2017 na 2018, kwa tamthilia. Hakuwahi kuliacha jukwaa lipoe. Wewe nawe, hata msimu wa shuti ukiwa mrefu, tafuta igizo moja kwa mwaka.

Na ukirudi jukwaani baada ya miezi ya kamera, wahi ukumbini siku chache kabla ya onyesho. Muombe mtu akae safu ya nyuma kabisa, useme mistari yako yote, naye aandike kila neno lisilomfikia. Kwangu mara nyingi huwa ni neno la mwisho la sentensi. Kamera hunizoesha kulidondosha, na kichekesho karibu siku zote kimekaa hapohapo.