Kabla hujashusha injini ya gari la zamani kwa sababu ya beringi

Hakikisha kwanza kwamba kinachogonga ni beringi kweli, yaani vile vipande laini vya chuma ambavyo kranki (shafti kuu ya injini) huzunguka ndani yake. Pistoni iliyolegea hugonga injini ikiwa baridi, kisha hupunguza kelele ikipata moto. Beringi iliyolika mara nyingi hufanya kinyume. Asubuhi oili bado nzito, inaziba pengo, husikii kitu. Oili ikishakuwa nyepesi, ndipo kelele inaanza. Kwa hiyo mtu akikuwashia injini ya baridi akakwambia "sikiliza, nzima kabisa", mwambie mkazunguke nayo nusu saa kwanza.

Beringi za meni, zile zinazobeba kranki, hugonga kwa sauti nzito ya chini, hasa gari likivuta mzigo. Za konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na kranki, sauti yake ni kavu zaidi, na husikika vizuri ukiachia mafuta baada ya kupandisha mzunguko. Katisha moto wa plagi moja moja: silinda ambayo kelele inapungua ukiizima, anza nayo hiyo.

Funga geji ya presha ya oili. Taa ya dashibodi huwaka presha ikiwa tayari imeanguka vibaya. Mafundi wengi hukadiria psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, injini ikiwa na moto. Ikipungua hapo usihukumu beringi peke yake, maana pampu iliyochoka nayo hushusha presha.

Mtu akanyage klachi huku wewe ukitazama puli ya mbele. Ikisogea mbele waziwazi, zile pete bapa (washa) za kuzuia kranki isitembee zimekwisha.

Ijue injini yako kabla ya kuagiza chochote. Ford Model A, gari la mwishoni mwa miaka ya 1920, beringi zake ni madini laini yaliyomiminwa ndani ya chuma chenyewe, kwa hiyo si kitu cha kubandua na kubandika. MGB, gari la michezo la Uingereza, za mwanzo zina beringi za meni tatu, na tangu mwishoni mwa 1964 zina tano.

Sasa hili nisikilize vizuri. Ukifungua, kila kipande cha beringi (kila moja ni nusu mbili) kiandike namba ya silinda, juu au chini, na upande wa mbele uko wapi. Usikioshe kabla hujakitazama. Mimi sikufanya hivyo. Injini ilikuwa inagonga silinda namba tatu, nikashusha sampu, lile karai la oili chini ya injini, nikaona shaba imejitokeza, maana ule utando laini wa juu ulikuwa umeshalika. Nikasema basi, ugonjwa nimeupata. Nikazitupa beringi zote kwenye ndoo ya mafuta ya taa, nikafunga mpya, nikakabidhi gari nikiwa na kifua mbele. Wiki ya tatu likarudi. Namba tatu ile ile. Mwenye gari hakugomba hata kidogo, alisimama tu pembeni mikono nyuma, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Safari hii nikatoa vipande viwili taratibu, nikavilaza juu ya gazeti kama vilivyokuwa vimekaa. Cha juu kimelika ukingo wa mbele, cha chini ukingo wa nyuma. Mshazari kabisa. Hiyo ni konrodi iliyopinda, na konrodi iliyopinda itakula kila beringi utakayoiwekea. Nikamuuliza kama gari limewahi kuingia kwenye maji. Akasema ndiyo, zamani, lilizimikia katikati ya mafuriko, wakalikausha na kuliwasha. Injini ilikuwa imemeza maji, na maji hayashindiliki, basi kilichopinda ni chuma. Zile beringi za kwanza zilikuwa zinasema hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyezichanganya kwenye ndoo.

Beringi husema na mengine. Mikwaruzo ya kuzunguka ni uchafu kwenye oili. Doa moja linalong'aa, tazama mgongoni mwa kipande, huenda kuna chembe imenaswa huko. Beringi za meni zikilika kwa viwango tofauti, ya katikati ikizidi, shuku bloku au kranki iliyopinda.

Kofia za konrodi, zile nusu za chini zinazofungwa kwa bolti, zisibadilishane, kila moja ilichongwa pamoja na konrodi yake. Soma mgongo wa beringi: ikiandikwa 010, kranki imeshachongwa inchi 0.010, usinunue standadi, yaani saizi ya kiwandani. Lakini usiamini maandishi tu, pima shingo ya kranki, pale beringi inapokaa, kwa maikromita, sehemu kadhaa, kuizunguka yote. Pengo la oili huwa kama sehemu moja ya elfu ya kipenyo, yaani shingo ya milimita 50 karibu milimita 0.05, ila kitabu cha injini yako ndicho mwamuzi. Ukitumia uzi wa Plastigage, ule wa plastiki unaobanwa kupima pengo, usizungushe kranki hata kidogo.

Kranki ikitoka kuchongwa, safisha matundu yake ya oili mpaka ndani. Paka oili kila kitu. Kabla ya kuwasha, toa plagi uzungushe kwa stata mpaka geji ipande. Na unapolala chini ya gari, weka stendi, jeki peke yake haitoshi, na mtoto asiwe karibu na swichi.