Andaa shamba kabla upepo haujaja: ushauri kwa wakulima wa Mbeya, Iringa na Njombe

Redio ikitangaza kimbunga katika Mlango-bahari wa Msumbiji, mkulima wa Tukuyu au Mufindi huona hizo ni habari za watu wa pwani. Kwa sehemu hakosei. Kimbunga hupata nguvu kwenye maji ya bahari yenye joto, na kikishaingia nchi kavu hunywea haraka. Kile cha Aprili 1952 kilipiga Lindi, na Hidaya cha Mei 2024 kiliishia upande wa Mafia na pwani ya kusini. Lakini msimu wa vimbunga katika eneo hili la Bahari ya Hindi, hasa Novemba hadi Aprili, ndio msimu wetu wa mvua. Kimbunga kikikaa mahali fulani huvuta hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo, ikapita juu yetu na kutuletea mvua ya siku mfululizo; kikikaa kwingine huondoka na unyevu huo, tukabaki na jua kali mahindi yakiwa machanga. Na upepo wa mvua za radi hauhitaji kimbunga chochote ili ulaze ekari nzima ya mahindi kwa dakika chache.

Kwa hiyo usingoje tangazo. Mmea unaoanguka mara nyingi ulikuwa umeshalegea kabla upepo haujafika, na kazi ya kuuimarisha ni ya miezi ya nyuma.

Tuanze na migomba, maana Rungwe na Busokelo hasara huonekana hapo kwanza. Mgomba ukianguka, usikimbilie kuukata na kuutupa. Angalia umeangukaje. Ukivunjika katikati ya shina, mkungu ulikuwa mzito na hapakuwa na mti wa kuuegemeza. Ukikatikia chini kabisa, pasua tunguu, lile shina nene la ardhini linalotoa mizizi, kwa panga: ukikuta vijia vyeusi vilivyopinda-pinda ndani yake, hao ni fukusi. Uking'oka na tunguu lake lote likatazama juu, chukua mizizi michache, ichane kwa urefu, utazame ndani. Mzizi mzima ni mweupe. Wenye michirizi myekundu iliyokolea au myeusi umeshambuliwa na minyoo midogo ya mizizi (nematodi). Hapo upepo ulimalizia kazi tu.

Dawa ya hayo iko kwenye miche. Chipukizi unalolihamisha limenye tunguu mpaka libaki jeupe, kata mizizi yote, kisha litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 tu, ulitoe. Ni njia ya sufuria na kuni, haihitaji duka la pembejeo, na nasikitika kwamba bado wachache wanaitumia. Panda kwenye shimo lenye kina, usiweke tunguu juujuu. Baada ya hapo acha mama, mtoto na mjukuu kwenye kila shina, yaani mgomba mkubwa, unaoufuata na chipukizi moja. Wengine wote toa. Mgomba wenye mkungu uegemeze kwa mti wenye panda upande unakoinamia, na ufanye hivyo mkungu ukiwa bado mchanga.

Mahindi yana sababu zake. Wanaobana mimea wakitarajia magunia mengi hupata mabua membamba yanayogombea mwanga. Sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, mche mmoja kila shimo, inatosha kwa mbegu nyingi za chotara. Urea nyingi bila potasiamu nayo hurefusha bua likakosa nguvu. Wakati wa palizi ya pili pandishia udongo shinani, mizizi ya juu ipate pa kushika.

Kuhusu miti ya kukinga upepo, wengi hupanda ukuta mnene wa mikaratusi mpakani wakidhani wamemaliza. Upepo ukigonga ukuta usiopitisha hewa hupanda juu, kisha huanguka kwa fujo kwenye mazao yaliyo nyuma yake. Tena mkaratusi hunyonya maji ya shamba. Bora miti inayopitisha karibu nusu ya upepo, kama grevilea, mistari miwili iliyopishana, ikikingama na upepo. Kinga ya namna hiyo husaidia kwa umbali wa takribani mara 10 ya urefu wake: miti ya mita 8, kama mita 80 za shamba. Usiache pengo la njia katikati, upepo hujikusanya hapo ukatoka na nguvu zaidi. Hujui upepo wako mkali hutoka wapi? Tazama mahindi ya msimu uliopita yalilalia upande gani.

Kwenye miteremko, makinga maji na majani ya tembo (mabingobingo) kwenye kingo zake ni lazima. Machi 2023 kimbunga Freddy kilipomwaga mvua kusini mwa Malawi, jirani zetu, tope liliporomoka milimani likafukia nyumba na watu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa au upepo, safisha mifereji siku hiyohiyo, vuna mahindi yaliyokwisha kukomaa hata kama hayajakauka, na ahirisha kuweka mbolea ya kukuzia isije ikasombwa.

Upepo ukishapita, mahindi yaliyolala kabla ya kutoa mbelewele yaache. Yatajiinua yenyewe kwa siku chache, bua likipinda kidogo. Ukiyainua kwa mikono unakata mizizi iliyobaki. Yaliyovunjika chini ya kibunzi yakate, ng'ombe wale. Yaliyolala yakiwa yamekomaa yavune mara moja, yaanike juu ya turubai na si juu ya udongo, tenga vibunzi vyenye ukungu kwa sababu ya sumukuvu, na usipukuchue kwa ajili ya kuhifadhi mpaka punje zikauke vizuri.