Ongezeko la ulemavu wa goti: tafuta karatasi yenye kipimo cha nyuzi (digrii)

Kwa mliotumikia jeshi la Marekani na goti mnalolipwa fidia limezidi kuharibika: kabla ya kuomba VA (idara ya Marekani ya waliokuwa wanajeshi) iwapandishie asilimia ya ulemavu, chimbueni karatasi za kliniki za miezi 12 iliyopita, hasa za fiziotherapia (tiba ya mazoezi). Kwa kawaida malipo mapya huhesabiwa tangu ombi lilipopokewa, lakini rekodi ikionyesha goti lilizidi ndani ya mwaka huo, tarehe hurudi nyuma hadi siku hali ilipothibitika. Mfano: ombi limepokewa 10 Oktoba, na karatasi ya 4 Machi mwaka huohuo inasema goti linakunjika mwisho nyuzi 30 (asilimia 20), wakati zamani lilifika 45 (asilimia 10). Inahesabiwa 4 Machi, hela zinaanza mwezi unaofuata, 1 Aprili. Kinachobeba ni kipimo. “Goti linauma sana” haina uzito huo. Na fiziotherapia huwa wanapima kweli, tofauti na daktari wa haraka haraka.

Inagoma wapi? Kama goti lilizidi zaidi ya mwaka kabla ya ombi, unarudishwa kwenye tarehe ya ombi. Pia haihusu ombi la mara ya kwanza. Karatasi zikichelewa, wasilisha kwanza fomu 21-0966 ya kusudio la kuomba. Inakushikia tarehe mwaka mzima.